Svchost.exe inapoilemea kompyuta: jinsi ya kumtambua mpangaji anayemaliza umeme

Kompyuta yenye Windows inapopunguza kasi bila sababu inayoonekana, watumiaji wengi hufungua Task Manager, huipanga orodha ili kinachotumia nguvu nyingi kikae juu, kisha hukutana na jina ambalo hawakumbuki kuliweka wao: svchost.exe. Halipo mara moja tu, bali mara hamsini, sabini, hata zaidi. Kwa kuwa jina hilo halifanani na programu yoyote wanayoijua, wengi huamini papo hapo kwamba kompyuta imeingiliwa na kirusi, na hukimbilia kulifunga kwa nguvu au kulitafuta kwenye diski ili walifute. Imani hiyo mara nyingi si sahihi, na hatua hiyo karibu kila mara huleta tatizo kubwa kuliko lile la mwanzo.

Windows hutegemea huduma nyingi zinazofanya kazi nyuma ya pazia: moja huomba anwani ya mtandao, nyingine hutoa sauti, nyingine huchapisha, nyingine hutafuta masasisho. Huduma nyingi kati ya hizo zimeandikwa kama mafaili ya aina ya DLL, na faili la DLL haliwezi kujiendesha lenyewe. Linahitaji programu ya kulibeba. Svchost.exe ndiyo programu hiyo. Haina kazi nyingine isipokuwa kuwapa wengine mahali pa kukaa.

Tuchukue mfano wa nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na mita moja ya LUKU. Uniti zikiisha kabla ya wakati wake, kuitazama mita hakukuelezi ni mpangaji gani aliyeacha pasi ikiwaka tangu asubuhi. Na kuing'oa mita hakumwadhibu mpangaji huyo, bali huitia gizani nyumba nzima. Svchost.exe ni mita. Unapoiona juu ya orodha, kilichoandikwa pale ni jumla ya matumizi ya waliomo ndani, na kazi yote ya utatuzi ni kumjua aliyemo.

Kuhusu wingi wake, maelezo ni mafupi. Zamani za Windows 2000 na XP, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ilipokuwa ndogo na ya gharama, huduma nyingi zilirundikwa ndani ya svchost chache. Kuanzia toleo la 1703 la Windows 10, lililotoka mwaka 2017, kompyuta yenye RAM inayozidi GB 3.5 huipa karibu kila huduma svchost yake, ili moja ikianguka isiziangushe jirani zake. Kwa hiyo idadi kubwa si dalili ya ugonjwa. Wapo wanaoshauri kubadilisha rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, ili huduma zirundikwe tena kama zamani. Mimi sishauri hivyo, kwa sababu RAM inayookolewa ni kidogo, na siku huduma moja itakapoharibika utakuwa umejinyima njia rahisi ya kuitambua.

Kumjua aliyemo ndani

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager. Katika Windows 10 na 11, ukurasa wa Processes huonyesha kila svchost kwa maneno Service Host yakifuatiwa na jina la huduma, na ukibofya mshale mdogo ulio kushoto utaona zote zilizomo. Ukihitaji undani zaidi, nenda ukurasa wa Details, itafute svchost.exe inayotumia nguvu nyingi, ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua Go to service(s). Utapelekwa kwenye orodha ya huduma, na zile zinazokaa ndani ya mchakato huo zitakuwa zimetiwa rangi. Iandike pembeni namba ya PID, yaani namba ya utambulisho ya mchakato, maana majina yanafanana na namba hiyo pekee ndiyo itakayokusaidia kuifuatilia svchost moja kutoka dirisha moja hadi jingine.

Anayependa kuandika amri anaweza kufungua Command Prompt na kupata orodha nzima kwa mara moja:

tasklist /svc /fi "imagename eq svchost.exe"

Usikubali kupita hatua hii kwa haraka. Karibu makosa yote niliyoyaona katika kushughulikia tatizo hili yalitokana na mtu kutibu svchost kabla ya kujua ilikuwa imebeba nini.

Dalili ya kwanza: feni inavuma na prosesa imejaa

Huduma inayopatikana mara nyingi zaidi hapa ni Windows Update, ambayo katika orodha huitwa wuauserv. Laptopu iliyokaa kabatini likizo nzima, ikiunganishwa na intaneti kwa mara ya kwanza, huanza kulinganisha ilichonacho na orodha ya masasisho yaliyotolewa ikiwa imezimwa, na ulinganishaji huo unaweza kuishughulisha prosesa kwa muda mrefu, hasa kwenye mashine za zamani. Ukikuta hali hiyo, dawa ya kwanza ni subira: ichomeke chaji, iache ifanye kazi kwa saa kadhaa, na usiizime katikati. Kila unapoizima kabla haijamaliza, huenda ikaanza upya itakapowashwa, na kwa njia hiyo tatizo la jioni moja huwa la mwezi mzima.

Wakati mwingine, hata hivyo, kosa huwa upande wa Microsoft. Mwishoni mwa mwaka 2013, watumiaji wengi wa Windows XP walishuhudia svchost ikiishika prosesa yote kwa muda mrefu kila kompyuta ilipowashwa. Chanzo kilikuwa mlolongo mrefu wa masasisho ya zamani yaliyokwisha kupitwa na mapya, ambao Windows Update ililazimika kuupitia wote. Tatizo lilikwisha mwanzoni mwa mwaka 2014, kampuni hiyo ilipoyaondoa masasisho hayo kwenye orodha yake.

Ikiwa siku nzima imepita, kompyuta ina intaneti ya kutosha na wuauserv bado haijatulia, yawezekana hifadhi yake ya muda imeharibika, jambo linalotokea kwa urahisi umeme ukikatika wakati masasisho yanapakuliwa. Fungua Command Prompt kwa hadhi ya msimamizi, kisha andika amri hizi moja baada ya nyingine:

net stop wuauserv
net stop bits
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old
net start bits
net start wuauserv

Folda mpya itaundwa yenyewe. Amri ya tatu ikikataliwa kwa maelezo kwamba huna ruhusa, maana yake ipo huduma ambayo bado imelishikilia folda hilo. Iwashe kompyuta upya na urudie amri hizo mara tu inapofunguka. Zingatia mambo mawili: orodha ya masasisho yaliyopita itafutika kwenye dirisha la mipangilio, ingawa masasisho yenyewe yatabaki, na chochote kilichokuwa kimeshapakuliwa lakini hakijasakinishwa kitapakuliwa tena. Kwa anayetumia bando la simu, hilo la pili ni gharama halisi, hivyo asubiri mpaka awe kwenye mtandao usiopimwa.

Dalili ya pili: bando linaisha bila wewe kufanya lolote

Katika eneo letu hii ndiyo dalili inayoumiza zaidi. Mtu hununua bando asubuhi, huwasha hotspoti ya simu, huunganisha laptopu ili atume barua mbili tu, na kabla ya adhuhuri ujumbe unaingia kwamba amelimaliza. Yeye hulaumu mtandao wa simu. Mara nyingi kompyuta yake imeichukulia hotspoti ile kama Wi-Fi nyingine yoyote, na kwa kuwa haikuelezwa kwamba kila megabaiti inalipiwa, imeitumia kupakua masasisho yote yaliyokuwa yakisubiri.

Ili kulithibitisha hilo, andika resmon kwenye sehemu ya kutafutia, fungua Resource Monitor na uende ukurasa wa Network. Zipange safu kwa kubofya Total, uone ni mchakato gani unapokea au kutuma kwa wingi, kisha ilinganishe PID yake na ile uliyoiandika. Huduma utakazozikuta mara nyingi ni tatu: wuauserv, BITS inayobeba mafaili makubwa taratibu nyuma ya pazia, na DoSvc, ambayo jina lake kamili ni Delivery Optimization.

Hii ya mwisho inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu haipokei tu. Inaweza pia kutuma. Iliundwa ili kompyuta zigawiane masasisho badala ya kila moja kuyafuata mbali, na wazo hilo ni zuri sana katika ofisi yenye mashine thelathini kwenye mtandao mmoja. Kwa mtu mmoja mwenye hotspoti halina faida yoyote. Katika Settings, fungua Windows Update, kisha Advanced options, kisha Delivery Optimization, na uzime ruhusa ya kushirikiana na kompyuta nyingine.

Hatua ya pili, na ndiyo yenye nguvu zaidi, ni kuieleza Windows kwamba mtandao huo unapimwa. Ukiwa umeunganishwa na hotspoti yako, fungua sifa za mtandao huo kwenye Settings na uwashe Set as metered connection. Kuanzia hapo masasisho mengi yatasubiri mpaka ukutane na mtandao mwingine. Mpangilio huu hukaa kwenye jina la mtandao ule mmoja. Ukibadilisha simu au jina la hotspoti, utalazimika kuuwasha tena.

Lakini kusubiri kusigeuke kuwa kuacha kabisa. Microsoft hutoa masasisho ya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi, ambayo kwa saa za Afrika Mashariki huanza kupatikana saa 2 au saa 3 usiku kutegemea majira ya Marekani. Ukijua hilo, unaweza kuipeleka kompyuta kwenye mtandao wa ofisi au wa chuo siku zinazofuata, ukamaliza kazi yote kwa mara moja. Masasisho haya ni ya limbikizo, yaani la mwezi huu hubeba pia marekebisho ya miezi iliyopita, hivyo aliyekosa miezi miwili hana haja ya kupakua matatu.

Dalili ya tatu: diski iko asilimia 100

Hapa mshukiwa wa kawaida ni SysMain, huduma ambayo zamani iliitwa Superfetch. Kazi yake ni kujifunza programu unazozitumia mara kwa mara na kuziandaa mapema kwenye RAM. Kwenye diski ya SSD huwezi hata kuigundua, lakini kwenye diski ya zamani inayozunguka, hasa ndani ya mashine yenye RAM ndogo, inaweza kuifanya kompyuta igande kwa dakika kadhaa baada ya kuwashwa. Fungua services.msc (dirisha la kusimamia huduma), itafute SysMain, isimamishe kwa Stop, kisha uangalie diski kwa dakika kumi. Ikitulia, umempata mhusika, na unaweza kuizima moja kwa moja kwa kuchagua Disabled. Isipotulia, irudishe ilivyokuwa, kwa maana si yeye.

Angalia pia kasi, si asilimia pekee. Diski iliyo kwenye asilimia 100 huku ikisoma makumi ya megabaiti kwa sekunde inafanya kazi nyingi. Diski iliyo kwenye asilimia 100 huku ikisoma kilobaiti chache tu huenda inakaribia kufa. Ikiwa ndivyo, svchost haina hatia yoyote, isipokuwa ndiyo inayosubiri jibu kutoka kwa diski isiyoweza tena kujibu. Fungua Event Viewer (daftari la matukio ya Windows), ingia Windows Logs, kisha System, utafute taarifa zenye chanzo cha disk na namba 7 au 153. Namba 7 hutaja eneo lililoharibika, na namba 153 husema kwamba ombi la kusoma au kuandika lilibidi kurudiwa. Ukizikuta zikijirudia, acha kila kitu kingine na unakili mafaili yako kwanza.

Dalili ya nne: RAM inayopanda bila kushuka

Ikiwa svchost moja inaanza asubuhi ikiwa na megabaiti chache na jioni imefika gigabaiti, ipo huduma inayochukua kumbukumbu bila kuirudisha. Iandike kiwango chake kila baada ya saa moja ili uwe na uhakika, kisha iwashe upya huduma hiyo peke yake kupitia services.msc. Kwenye mashine yenye RAM ndogo, ambamo huduma kadhaa bado zinaishi pamoja, unaweza kuitenga unayoishuku ili uipime peke yake. Kwa mfano, kwa Windows Update:

sc config wuauserv type= own

Nafasi iliyo baada ya alama ya sawasawa ni ya lazima; amri bila nafasi hiyo huweza kukataliwa. Isimamishe huduma na uiwashe tena ili mabadiliko yashike, na ukimaliza uchunguzi irudishe kwa kuandika share mahali pa own.

Dalili ya tano: ujumbe wa kosa, au svchost kuanguka

Ujumbe unaotokea kwenye skrini hausaidii sana, kwa kuwa hutaja svchost tu. Ukweli umeandikwa kwenye Event Viewer, ndani ya Windows Logs, sehemu ya Application, kwenye taarifa yenye namba 1000. Katika Windows za karibuni, jina la programu iliyoanguka huandikwa pamoja na huduma yake, kama vile svchost.exe_SysMain, na mstari unaofuata hutaja moduli iliyosababisha. Moduli hiyo ikiwa ni ya printa, ya kadi ya mtandao au ya programu uliyoisakinisha wiki iliyopita, anza kwa kuiondoa au kuisasisha hiyo.

Moduli ikiwa ni ya Windows yenyewe, yakarabati mafaili ya mfumo kwa amri mbili, kwa mpangilio huu:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Amri ya kwanza huikarabati ghala ambayo ya pili huitumia kuchukua mafaili mazima, na kwa kawaida huhitaji intaneti. Anayeanza na sfc wakati ghala lenyewe limeharibika hujibiwa kwamba baadhi ya mafaili hayakuweza kurekebishwa, akakata tamaa bure.

Ikiwa svchost imeanguka kwa sababu uliifunga mwenyewe, hakuna cha kukarabati. Ukiifunga inayobeba huduma ya sauti, sauti hupotea. Ukiifunga inayobeba DcomLaunch, Windows hujizima na kuwaka upya, au huonyesha skrini ya bluu yenye maneno CRITICAL_PROCESS_DIED. Iwashe tena na usirudie.

Pale inapokuwa kweli ni kirusi

Kwa kuwa jina hili huaminika na huonekana mara nyingi, waandishi wa virusi hulitumia kama kanzu ya kujifichia. Kwenye Task Manager, ukurasa wa Details, bofya kichwa cha safu kwa kitufe cha kulia, chagua Select columns, uongeze Image path name na Command line. Svchost halali huendeshwa kutoka C:\Windows\System32, au C:\Windows\SysWOW64 kwa mashine za biti 64, na mstari wake wa amri huwa na -k ikifuatiwa na jina la kundi. Ukiikuta ndani ya AppData, Temp, kwenye flashi au moja kwa moja ndani ya C:\Windows, hiyo ni ya bandia. Soma pia herufi moja moja: scvhost, svchosts na svch0st yenye sifuri badala ya o ni majina ya wadanganyifu. Flashi zinazozunguka kati ya maduka ya stesheneri, vyuo na ofisi zimekuwa njia kubwa ya kuwasambaza.

Maelekezo mengi husema kwamba svchost yoyote inayoendeshwa kwa jina lako, badala ya SYSTEM, LOCAL SERVICE au NETWORK SERVICE, ni kirusi. Kanuni hiyo ilifaa zamani. Tangu Windows 10 zipo huduma halali zinazoundwa kwa kila mtumiaji, kama CDPUserSvc yenye herufi na tarakimu mwishoni, nazo huonekana kwa jina lako.

Dalili moja ya programu zinazochimba sarafu za kidijitali kwa siri ni feni inayovuma unapoiacha kompyuta peke yake na kunyamaza ghafla unapofungua Task Manager, kwa sababu baadhi yake husimama zinapogundua kwamba zinatazamwa.

Kuliona faili mahali pake sahihi kusikutoshe peke yake. Kirusi cha Conficker, kilichoenea tangu mwishoni mwa mwaka 2008, hakikuhitaji svchost ya bandia. Kilijisajili kama huduma na kikabebwa na svchost halisi. Mita ilikuwa ya kweli, mpangaji ndiye aliyekuwa mwizi. Kwa hali kama hiyo tumia Autoruns, programu ya bure ya Sysinternals inayotolewa na Microsoft, uifiche mistari yenye saini ya Microsoft na uchunguze DLL za huduma zinazobaki. Kisha itenge kompyuta na mtandao, uendeshe Microsoft Defender Offline scan kutoka Windows Security, ambayo huiwasha upya mashine na kuikagua kabla kirusi hakijaamka, na ubadilishe nywila zako kwa kutumia kifaa kingine.

Na ikiwa programu ya kuzuia virusi inalitaja faili lililo ndani ya System32, usiidhinishe lifutwe kabla ya kulikagua. Tarehe 21 Aprili 2010, sasisho namba 5958 la McAfee liliitambua svchost.exe halali ya Windows XP yenye Service Pack 3 kuwa kirusi na likaiondoa. Kompyuta nyingi zilipoteza mtandao na kujizima na kuwaka mfululizo, na mafundi walilazimika kuzifuata moja moja, kwa sababu mashine isiyo na mtandao haiwezi kutibiwa kwa mbali. Kwa hiyo, libofye faili hilo kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, utazame ukurasa wa Digital Signatures iwapo upo, kisha uliulize swali lile lile kwa programu ya pili ya ukaguzi. Likiwa tayari limeondolewa, lirudishe kutoka kwenye karantini ya programu iliyoliondoa au kwa amri ya sfc, usipakue svchost.exe kutoka kwenye tovuti zinazogawa mafaili ya mfumo, maana ukifanya hivyo utakuwa umemfungulia mlango mgeni yule yule uliyekuwa ukimtafuta.